Dizeli za kisasa "zinakufa haraka"? Tufungue injekta moja tuone kilichomo (uzi mrefu)

FundiNozo (mleta uzi)

Wakuu salaam.

Juzi kwenye uzi wa magari ya kuagiza niliona watu kama watano wanamshauri jamaa mmoja akimbie dizeli yoyote iliyotengenezwa baada ya mwaka 2000. Sababu waliyotoa ni neno moja tu: injekta, kile kifaa kinachorusha mafuta ndani ya silinda. Hakuna hata mmoja aliyeeleza injekta imefanya nini. Nikaona bora nifungue uzi wangu.

Mimi ni fundi wa pampu na nozo, yaani ncha za injekta. Nilianza na pampu za zamani, zile za kufunga kwa spana na sikio, na sasa karibu kazi zote zinazokuja mezani ni za kompyuta. Nitaandika vipande vipande maana niko kazini, mnivumilie.

Msingi tuupite haraka. Dizeli haina plagi ya cheche. Pistoni inabana hewa tupu mpaka joto linapita nyuzi 500, mafuta yanarushwa humo, yanawaka yenyewe. Injini ya Rudolf Diesel iliyokubali kufanya kazi ilipimwa Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897. Silinda moja, injini nzima ndefu kumpita mtu, nguvu za farasi kama 20, na iligeuza takriban asilimia 26 ya joto la mafuta kuwa kazi. Kwa zama za injini za mvuke hiyo ilikuwa habari kubwa.

Ila Diesel alirusha mafuta kwa hewa iliyobanwa, hivyo injini ilitembea na kompresa yake pembeni. Huwezi kuifunga hiyo kwenye gari dogo. Bosch walipoanza kutengeneza pampu ya mafuta kwa wingi mwaka 1927, ndipo dizeli ikaingia kwenye malori, na mwaka 1936 Mercedes-Benz wakaonyesha 260 D, gari la abiria. Kuanzia hapo mpaka miaka ya 1990, ukiondoa tabo (turbo, ya kusukuma hewa), mfumo wa mafuta ulibaki ndugu wa ule ule.

Na mfumo ule ulikuwa na ugonjwa mmoja. Pampu inazungushwa na injini, kwa hiyo presha inapanda na kushuka na mzunguko wa injini. Sasa fikiria unapanda mlima Kitonga, umebeba mzigo, gia kubwa, injini inazunguka polepole, umekanyaga mpaka mwisho. Hapo ndipo mafuta yanatakiwa yapasuliwe yawe ukungu kabisa, na hapo hapo ndipo pampu iko hoi. Yanaingia matone manene, yanaungua nje, katikati yanabaki masizi. Ule moshi mweusi unaomfanya wa nyuma apandishe kioo unatoka hapo.

Nakuja.

BabuLoriZito

Nimeweka kiti mbele. Ila nakwambia mapema, mimi na 1HZ yangu, injini ya Toyota ya zamani, hatuachani. Lita 4.2, haina kompyuta, ikizima nafungua hewa kwenye filta nasonga mbele. Hizo za kwenu zikizima unaita mtu na laptop.

FundiNozo

Babu heshima yako, 1HZ nitakuja kuigusa. Siitukani, nimekulia humo.

Tuendelee. Kelele. Dizeli ya zamani inagonga, tang tang tang, hasa asubuhi. Mafuta yakiingia kwenye silinda hayawaki papo hapo, yanachelewa kidogo. Wakati yanachelewa, mengine yanaendelea kuingia. Yakishika moto yanashika yote kwa mkupuo, presha inaruka, na wewe unasikia nyundo. Ujanja wa zamani ulikuwa kuchimba chumba kidogo kwenye silinda hedi, moto uanzie humo halafu utoke taratibu kwenda kwenye pistoni. Kelele inapungua, lakini joto jingi linapotelea kwenye kuta za kile chumba na mafuta yanaliwa zaidi. 1HZ ya babu ni ya aina hii.

Fiat Croma mwaka 1988 na Audi 100 TDI mwaka 1989 wakaondoa kile chumba, mafuta yanarushwa moja kwa moja juu ya pistoni. Ulaji ukashuka vizuri. Kelele ikarudi kama trekta.

Dawa kwenye karatasi ilijulikana: rusha tone dogo kwanza, lipashe joto pale ndani, kisha leta mzigo mkubwa ambao utawaka kadiri unavyoingia. Ila pampu ya mitambo inasukuma mara moja kwa zamu, basi. Utaiambiaje irushe kidogo, inyamaze kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, kisha irushe tena?

DadaUsukani

Muda mfupi kiasi gani mkuu? Weka namba.

FundiNozo

Hesabu hii hapa dada. Injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, mzunguko mmoja unachukua milisekunde 30. Nafasi ya kurusha mafuta ni kipande chembamba cha mzunguko huo, milisekunde moja au mbili. Na mafuta yenyewe? Kwa injini ya lita 2, ukikanyaga mpaka mwisho, silinda inapata kiasi kama tone moja la maji linalodondoka kwenye bomba lililofungwa vibaya. Tone moja! Dizeli ya kisasa inalichukua tone hilo na kuligawa mara tatu, tano, wakati mwingine zaidi, na kile kipande cha kwanza cha kupasha ni kama kichwa cha pini.

Hayo huwezi kuyafanya kama pampu ndiyo inayoamua kila kitu. Ikabidi kazi zigawanywe. Pampu ijaze tu mafuta kwenye bomba nene la chuma, presha ikae humo muda wote, injini izunguke haraka au polepole. Kila injekta inachota kwenye bomba hilo moja, na kompyuta inaamua ifunguke lini. Hiyo ndiyo reli ya pamoja, wengi mnaiita komoni reli.

Kwenye malori Denso waliiwahi, Hino la mwaka 1995. Kwa magari madogo kazi ilifanywa na watu wa Fiat, na sehemu kubwa ya jasho ilimwagika kusini mwa Italia, karibu na Bari, chini ya mhandisi Mario Ricco. Mradi waliuita Unijet. Kisha mwaka 1994, kabla haujaingia kwenye gari lolote la kuuzwa, Fiat wakawauzia Bosch. Bosch ndio waliokuwa na viwanda vya kutengeneza vitu vya usahihi ule kwa mamilioni. Mtoto akazaliwa Italia, akakulia Ujerumani. Gari la kwanza kuuzwa nayo lilikuwa la Kiitaliano bado, Alfa Romeo 156, mwisho wa mwaka 1997, presha bar 1,350. Leo kuna mifumo inayofika 2,500.

Kwa wanaojaza upepo: tairi lako lina PSI 32 hivi. Bar 2,000 ni PSI 29,000. Zidisha tairi lako mara mia tisa.

KijanaWaGereji

Na ndiyo maana usifungue bomba la reli injini ikiwaka kutafuta hewa kama tulivyofundishwa zamani. Mafuta ya presha ile yanatoboa ngozi kama sindano, na kidonda kinaonekana kidogo tu kumbe ndani kumeharibika.

FundiNozo

Asante sana kijana, hilo ningelisahau. Wazee wenzangu ndio hasa wa kuonywa, mkono umeshazoea spana namba 17.

Sasa injekta yenyewe. Hapa naomba msome taratibu, maana ndiyo sababu ya uzi.

Watu wanadhani umeme unainua sindano ya injekta. Hapana. Sumaku ile ni ndogo, haiwezi kushindana na bar 1,600. Walichofanya ni ujanja wa mizani. Mafuta ya presha yanapelekwa chini ya sindano na juu ya sindano kwa wakati mmoja. Juu kuna eneo kubwa zaidi la kusukumwa, kwa hiyo sindano inakaa imefunga. Pale juu kuna kitundu kidogo chenye kigololi. Sumaku inainua hicho kigololi tu. Mafuta ya juu yanavuja, presha ya juu inaanguka, ya chini inashinda, sindano inapanda, mafuta yanatoka kwenye matundu ya nozo. Kigololi kikirudi, mizani inarudi, sindano inashuka. Yaani presha ya mafuta yenyewe ndiyo inayofanya kazi, umeme unabonyeza swichi tu.

Yale yaliyovuja pale juu yanakwenda wapi? Yanarudi kwenye tanki kwa mpira mwembamba mnaouona juu ya injekta. Ni mpira wa marejesho. Ushikeni huo mpira, tutaurudia.

Nafasi kati ya sindano na nyumba yake ni mikroni chache. Unywele wako ni kama mikroni 70. Na hakuna oili humo ndani, wala kwenye pampu ya presha. Vinalainishwa na dizeli yenyewe inayopita.

Kwa hiyo mtu akichanganya mafuta ya taa kwenye dizeli, kwa babu mwenye 1HZ inakohoa kidogo inaendelea. Kwa dizeli ya kisasa umeondoa oili. Mafuta ya taa ni mepesi, pampu inaanza kujikwangua, vumbi la chuma linaingia kwenye reli, na reli ni ya pamoja kweli, inawagawia injekta zote nne bila upendeleo.

Mtani_Nakuru

Sisi huku Kenya 2018 waliweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa sababu ya hiyo michezo. Maskini wa stovu akalipia dhambi ya mwenye petroli stesheni.

FundiNozo

Na kwetu 2011 kodi ya mafuta ya taa ilipandishwa ikaribiane na dizeli, kwa sababu ile ile. Wadogo zetu wanalisikia neno "kuchakachua" kwenye mitihani na kura, hawajui lilivyotamba kwanza kwenye vituo vya mafuta.

Nikupeni kisa. Jamaa alikuja na dizeli yake ya lita 3, jina la gari haliongezi kitu. Alijaza tanki kituo fulani njiani usiku, asubuhi ikawaka kwa shida, mchana haikuwaka kabisa. Nilifungua filta nikamimina kwenye beseni jeupe. Kwa macho mafuta yalikuwa safi. Nikaingiza kidole nikasugua na dole gumba: makavu, hayatelezi. Nikageuza beseni kwenye jua, chini kabisa kukawa na kitu kinameta kama pambo la Krismasi lililosagwa. Sikuhitaji laptop. Pampu, injekta nne, kusafisha reli, kushusha tanki. Bili yake ilipita thamani ya pikipiki mpya. Kesho yake akanipigia kuuliza kama nimejumlisha vizuri.

BabuLoriZito

Ndiyo nilichosema mimi! Chombo kinachokufa kwa tanki moja si chombo cha Afrika.

FundiNozo

Babu, tuweke vipimo mezani. 1HZ yako, sentimita za ujazo 4,164, inatoa Nm 285 za nguvu ya kuzungusha. Hii 1GD ya Toyota ya 2015 iliyoingia kwenye Hilux na Prado ni 2,754, na ikiwa na gia za kujiendesha inatoa Nm 450, tena kuanzia mizunguko 1,600. Mafuta inakula kidogo. Huo ndio upande wa pili wa mizani: uvumilivu wa 1HZ unaulipia kila siku kwenye kituo cha mafuta. Kama kazi yako iko porini na mafuta yako yanatoka kwenye pipa, baki nayo, sitakubishia hata kidogo.

Na 1GD ina kitu ninachokipenda mpaka leo. Sehemu ya juu ya pistoni wameipaka utando wa aluminiamu yenye vinyweleo, iliyoimarishwa kwa silika. Utando huo unashika joto haraka na kulipoteza haraka. Moto ukiwaka, uso wa pistoni unapanda joto pamoja nao, kwa hiyo joto kidogo linapenya chini kupotea. Hewa mpya ikiingia, uso umeshapoa, hauichemshi. Watu walijaribu kauri miaka ya nyuma, shida ikawa inabaki ya moto muda wote na kuharibu hewa inayoingia. Toyota wanasema ufanisi wake wa juu unafika asilimia 44. Kutoka 26 za Augsburg ni safari ya miaka 118, piga hesabu mwenyewe kila asilimia imechukua muda gani.

Mercedes nao 2016 walitoa injini ya OM654 yenye bloku ya aluminiamu na pistoni za chuma. Zamani ilikuwa kinyume. Utasema chuma kizito kinatafuta nini pale? Injini ikipata joto, bloku ya aluminiamu inatanuka kuliko pistoni ya chuma, nafasi inaongezeka, msuguano unashuka. Na chuma kina nguvu, kwa hiyo pistoni inafanywa fupi na uzito haupandi sana. Injini nzima ikawa nyepesi kwa kilo 35 hivi kuliko iliyoitangulia.

Mpita_Njia

Mbona unaruka EGR na lile chujio? Ndiyo yanayotusumbua. Na Volkswagen walikamatwa kwa nini kama mambo ni mazuri hivyo?

FundiNozo

Siruki, nilikuwa nakula.

Dizeli ina shuka fupi. Ukiichoma kwa joto kali na hewa nyingi, masizi yanapungua, lakini naitrojeni ya hewani inaungana na oksijeni, unapata NOx, sumu ya mapafu. Ukipooza moto, NOx inashuka, masizi yanapanda. Funika kichwa, miguu nje. Kila kidude mnachokilaani kiliwekwa kuvuta shuka upande mmoja.

EGR inarudisha sehemu ya moshi ndani ili ipunguze oksijeni na kupooza moto. NOx inashuka, masizi yanaongezeka, na yakikutana na mvuke wa oili kwenye manifodi (njia ya kuingizia hewa) yanakuwa lami. Ukifungua utadhani wamepitisha barabara humo. Kwa ajili ya masizi ndipo likaja chujio, DPF, Peugeot 607 ya mwaka 2000 ikiwa ya mwanzo kwenye magari madogo. Chujio linajaa, linatakiwa kujichoma kwa joto la nyuzi 600 hivi, na ili lifike huko kompyuta inarusha mafuta ya ziada. Gari la barabara ndefu linamaliza kazi hiyo kimya kimya. Gari la kutoka nyumbani kupeleka mtoto shule na kurudi halimalizi kamwe, na kwenye mifumo mingi mafuta yale ya ziada yanateremka kwenye oili. Ukiona kiwango cha oili kwenye kijiti kinapanda badala ya kushuka, usifurahi. Hata wakubwa wameteleza hapa: chujio la hiyo hiyo 1GD ninayoisifia lilifika mahakamani Australia, na mwaka 2022 mahakama ikawapa wenye magari haki.

Kwa NOx iliyobaki ndipo wanapulizia urea kwenye moshi, inabadilika kuwa amonia, amonia inageuza NOx kuwa naitrojeni na maji. Ni kiwanda kidogo cha kemia chini ya gari, na kina gharama na uzito. Volkswagen waliandika programu inayotambua gari liko kwenye kipimo. Kwenye kipimo linajiheshimu, barabarani linaachia. Septemba 2015 Wamarekani wakaliweka hadharani, magari kama milioni 11 duniani. Kumbuka fizikia haikuwashinda, wengine walilipia kile kiwanda kidogo. Walichokwepa ni bili.

Mpita_Njia

Basi kwetu na dizeli hii yetu si bora kuziba tu EGR na kung'oa chujio?

FundiNozo

Dizeli yetu si ile ya zamani. Nchi za Afrika Mashariki zilishuka hadi kiwango cha salfa sehemu 50 kwa milioni kuanzia 2015, na salfa ndiyo adui mkubwa wa hivyo vidude. (Kutoa salfa kunaondoa pia utelezi wa mafuta, kwa hiyo yanaongezewa dawa ya kulainisha huko huko yanakotoka. Mchakachuaji anakuharibia vyote viwili, salfa na utelezi.) Mimi kung'oa sing'oi. Nimeona kazi nyingi za "kuziba tu" ambazo kompyuta ilibaki inarusha mafuta ya kuchomea chujio ambalo halipo.

DadaUsukani

Mkuu umesahau mpira wa marejesho. Nina gari linachelewa kuwaka asubuhi, fundi wangu anataka kubadili injekta zote nne.

FundiNozo

Mwambie angoje. Kigololi kikiliwa, mafuta ya juu ya sindano yanavuja hata wakati hayatakiwi. Ukizungusha stata, pampu inajaza reli na injekta mbovu inairudisha kwenye tanki, presha haifiki, injini haishiki. Hivyo tunapima kile kinachorudi.

Tafuta chupa nne ndogo za kuona ndani, zinazolingana, hata za dawa ya kikohozi. Fundi achomoe mpira wa marejesho kwenye kila injekta, aunge vimpira vya kupeleka kwenye chupa, na ule unaokwenda tanki auzibe. Washa, acha injini izunguke sailensi (bila kukanyaga mafuta) dakika tatu, zima. Panga chupa mezani kwa namba za silinda. Nzima zitakaribiana. Mbovu utaiona kwa macho.

DadaUsukani (siku mbili baadaye)

Nimerudi. Chupa 1, 2 na 4 zimefika kidole kimoja. Ya 3 imejaa nusu.

FundiNozo

Hiyo ya 3 ndiyo mwizi wako. Umeokoa tatu.

Jambo la mwisho: juu ya kila injekta kuna msimbo wa herufi na namba umechongwa. Kiwandani hawawezi kutengeneza mbili zinazofanana kabisa, kwa hiyo kila moja inapimwa na tofauti yake inaandikwa pale. Injekta mpya ikifika, piga picha msimbo wake kabla haijafungwa, ukishafungwa hauonekani vizuri, kisha uingizwe kwenye kompyuta kwenye nafasi ya silinda namba 3. Na ile washa (ringi bapa) ya shaba chini yake iwe mpya, asikurudishie ya zamani hata kama anaapa ni nzima.